Pua Isiyo na Uso

Saa sita mchana, jua likiwa wima juu ya bonde la Kinyasini,
konokono asiyefika urefu wa karafuu moja
anawatoa wapangaji wake majini.
Nimewachota kwa kikombe, nimevaa glavu,
nimewaleta Chake kwa gari ya shamba,
kifuniko nimekikandamiza kwa kidole gumba njia nzima.

Chini ya hadubini:
kichwa, mkia, na mkia umepasuka mwishoni kama ulimi wa nyoka.
Macho hawana.
Wamepewa siku moja, na akiba ya siku moja,
kama koroboi iliyotiwa kijiko kimoja cha mafuta ya taa.
Ikizimika, imezimika.

Nikatia tone la maji ya asumini. Hawakujali.
Nikatia maji yaliyolala na karafuu,
harufu ile inayotulisha kisiwa kizima,
ile ambayo mtu akipita Wete msimu wa kuanika
hurudi na nguo zinazouzika.
Wakasogea kando, kama watu wanaopisha gari.

Nikajifuta kiganja kwa pamba,
pamba nikaigusisha ukingo wa tone.

Wakageuka.
Wote, kama watoto waliosikia sinia likiwekwa chini.

Mafuta ya ngozi, yale tusiyoyaona,
yanayobaki kwenye kola na kwenye foronya,
kwao ndiyo hodi, na ndiyo karibu.
Hawana chuki. Laiti wangekuwa nayo,
ningejua pa kuanzia ugomvi.
Wana pua tu, pua isiyo na uso,
na wakifika kwenye kizingiti cha ngozi
huacha mkia nje, kama mgeni avuaye kobazi,
wakaingia.

Mama yangu, Bi Mkasi, alifua kwenye bonde hilohilo.
Tulikuwa saba. Mashati ya skuli yote meupe, yote ya duka moja.
Usiku umeme ukikatika aliyakunja gizani,
moja moja analipeleka puani:
hili la Hamadi.
Hili la Time.
Hili (akisita kidogo, akivuta pumzi tena) la Bikombo.
Hakukosea hata siku moja.
Jirani akicheka, humjibu: "Mwana hajifichi kwa aliyemzaa."

Sikujua wakati ule kwamba kule majini,
alikosimama akipiga nguo, maji yamemfika magotini,
palikuwa na wengine wakitusoma vilevile,
herufi zilezile,
bila mapenzi.

Hamadi alikojoa damu miaka miwili.
Wakubwa wakasema, mtoto keshakua huyo.
Mama peke yake aliinusa kanzu yake akanyamaza,
na tangu siku hiyo akaifua mbali na zetu,
kana kwamba ugonjwa hukaa kwenye nguo.

Kesho tutakwenda skuli ya kule na fimbo yetu ya kupimia:
mtoto akifika mstari huu, vidonge viwili,
akifika ule, vitatu.
Vichungu. Tutawapa uji kwanza.
Nitawaambia: bondeni msiogelee.
Watanitazama, jasho linawatiririka,
na dirishani, nyuma ya mgongo wangu,
maji yanang'aa.

Nitasema nini? Kwamba wajifiche harufu?
Niwafundishe kutokuwa na ngozi?

Magharibi nimerudi nyumbani.
Ngwali, mwana wa dada yangu, amenirukia kiunoni
kabla sijavua buibui.
Nywele zake mbichi.
"Ulikuwa wapi?"
"Skuli."
Nimeinama, nimeinusa shingo yake.
Sabuni hamna. Matope, majani ya majimbi,
na chini ya yote, mbali kidogo,
yeye.